Kiganja Kwenye Kioo cha Haisi

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikianza sitaki kelele. Mguu wangu wa kulia ni mfupi kuliko wa kushoto, na sikuzaliwa hivyo. Gari lenyewe liko nyuma ya nyumba yangu hapa Suji, njoo ulitazame. Na jina la aliyenifanyia haya nitalitaja mchana kweupe: ni Elifuraha, mtoto wa shangazi yangu.

Miaka mingi nilikuwa kule chini Bendera nikilima. Niliporudi mlimani nikanunua Haisi kuukuu ya Elifuraha, nibebe tangawizi kupeleka Same. Injini ilikuwa nzima. Ila vile vioo vya pembeni, maskini! Rangi imebabuka kama ngozi ya kenge, na ganda la kile cha kushoto lina ufa. Nikamuuliza, huu ufa wa nini? Akajibu huku anachokonoa meno, "Aah, mbuzi tu huyo, kaka. Alikatiza kwenye ukungu." Tukacheka wote wawili. Mbuzi! Lishike hilo neno.

Sasa wewe usiye wa huku huujui msaragambo. Baragumu likilia alfajiri, kila nyumba inatoa mtu na jembe, tunakwenda kuzibua mifereji na kuzoa tope kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Usipotokea bila sababu wewe ni mtoro, unatozwa mbuzi, na mbuzi huyo wanamchinja na kumla waliofanya kazi. Dereva huachwa, kwa sababu gari lake litabeba mawe na mchanga. Ndiyo maana siku ile mke wangu alikwenda, mimi nikabaki uani na vioo vyangu.

Nilivifungua nikavilaza juu ya gunia. Nikaviosha kwa sabuni mafuta yatoke, nikaanza kupiga msasa. Cha kulia kilikubali upesi. Cha kushoto nikisugua inatoka rangi nyeusi, chini yake nyeupe, chini tena nyeusi, na chini kabisa puti iliyoshindiliwa kwenye ufa harakaharaka, kama mtu anayemziba mwenzake mdomo. Nani anapaka rangi zote hizo kwa ajili ya mbuzi? Nikafunika kioo kwa gazeti, nikapulizia rangi mpya.

Bado ilikuwa mbichi nikasikia nyuma yangu, "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Binti, kanga begani, tope mpaka magotini, jembe lenye mpini uliosukwa waya mwekundu. Ukungu ulikuwa mzito, sikumsikia akija.

"Wenzangu wamepita?"

"Wa ndiva? Tangu alfajiri! Umechelewa, mama. Watakwenda kwenu wamtoze mama yako mbuzi."

"Walishamtoza."

Nilidhani ananitania. "Basi kimbia, uwahi hata mwisho."

"Nilikuwa nakimbia," akasema. Halafu akainama, akaweka kiganja juu ya lile ganda la kushoto, juu ya rangi mbichi, kama mtu anayezuia kitu kisimfikie.

Hasira zikanipanda. "We binti, huoni rangi?" Nikaukamata mkono wake niuondoe. Niamini, nilikamata baridi tupu. Alama ya kiganja imebaki, yeye hayupo. Na kwenye tope la uani nyayo ni zangu peke yangu.

Mke wangu aliporudi nikamweleza. Nilipofika kwenye waya mwekundu akaketi chini, jembe mkononi. "Huyo ni Nakijwa. Yule mtoro."

Kumbe nikiwa Bendera, siku moja ya msaragambo, Nakijwa alitoka kwao na jembe lakini ndivani hakufika, na nyumbani hakurudi. Ikasemwa amefuata mwanamume, wamevukia Ziwa Jipe kwenda Kenya. Mama yake, mjane, akatozwa mbuzi wa utoro. Akatoa, akainamisha kichwa tangu siku hiyo.

"Nani alisema amevuka?" nikauliza.

"Elifuraha. Alisema alimshusha Makanya yeye mwenyewe."

Nilikisugua kile kiganja, nikapaka rangi upya. Rangi ilipokauka, kiganja kikarudi. Nikasugua tena, kikarudi tena. Basi nikarudishia vioo mahali pake, nikamwita Elifuraha, nikamwambia twende Same, gari linanisumbua. Akakaa kushoto, kioo kile mbele ya uso wake.

Kwenye kona ya korongo nikamuuliza, "Yule mbuzi ulimgongea wapi?"

"Kaka, bado unaota mbuzi?" Akacheka. Kicheko kikakatika katikati. Anatazama kioo. Na mimi nikatazama. Nyuma yetu Nakijwa anakimbia, jembe begani, wala hachoki wala habaki nyuma.

"Ulishakufa, wewe!" Elifuraha akapiga yowe. "Nilikusukumia chini mwenyewe!" Akaurukia usukani wangu, gari likaacha njia. Yeye akafungua mlango akaruka. Mimi nikaenda nalo mpaka chini.

Baragumu likapigwa kwa ajili yangu. Watu wakaja na kamba na majembe. Walipokuwa wakichimba chini ya tairi wanitoe mguu, jembe likagonga jembe. Waya mwekundu. Na mifupa imeegemea mwamba.

Elifuraha? Alisema nilikuwa nimelewa. Mimi, mwanakwaya! Polisi wakaniuliza ni nani mwingine aliyemsikia akikiri. Niwaletee nani, kioo? Yuko Same mjini mpaka leo, anaendesha gari jingine, anasalimiwa. Na linaloniunguza kuliko mguu huu ni moja: yule mbuzi wa mjane, Elifuraha alimla. Alibeba mawe siku ile Nakijwa alipopotea, kwa hiyo akahesabiwa amefanya kazi. Akaketi na wenzake, akatafuna, akachokonoa meno.

Wazee walimpelekea Mama Nakijwa mbuzi wa kumrudishia. Hakugusa hata kamba. "Simtaki. Pigeni baragumu, mseme mwanangu alikuja kazini."

Wakapiga. Tukasimama ndivani wote, mimi kwa magongo. Mwenyekiti akaita, "Nakijwa!" kama anavyoita majina ya waliokuja na majembe. Mama yake akaitikia, "Yupo." Tangu hapo hakuna aliyemwona Nakijwa njiani.

Lakini kiganja hakijatoka. Ganda lile silipaki rangi tena, na atakayelisogelea na msasa tutauana. Mama yake huja, huweka kiganja chake juu ya kile, kisha hurudi kwake.

Na wewe unayenunua gari kuukuu ukalipendezeshe nyumbani, sugua taratibu, tazama kilichofunikwa. Muuzaji akikwambia ufa ule ni wa mbuzi, usicheke naye kama nilivyocheka mimi. Muulize mbuzi huyo alikuwa wa nani.