Duru Mbili za Doña Herlinda

Doña, yaani Mama, Herlinda Canchanya ndiye aliyekuwa mwoka mikate wa mtaa wetu, hapa Bonde la Mantaro, milimani. Mumewe, Zenobio Hinostroza, alifariki mwezi wa Februari katikati ya mvua, akiwa ameketi kitandani anafunga kamba za viatu. Hakuugua hata siku moja. Alikuwa na miaka hamsini na minane.

Wiki tatu baada ya maziko, barua ikamfikia. Majina yalikuwa yamechezeshwa kwa bahati nasibu, kama ilivyo kawaida, na yeye ameangukiwa kuwa mwenyekiti wa meza ya kupigia kura katika uchaguzi wa rais. Mimi, muuza mbegu, nikaangukiwa ukatibu. Wa tatu wetu alikuwa Fidencio mwenye bucha, ambaye huwezi kumnyamazisha hata umtie kipande cha nyama mdomoni.

Angeweza kuomba udhuru, maana msiba unakubalika, na nilimwambia hivyo. Akanijibu kwamba kuomba udhuru kunataka barua na safari ya mjini Huancayo, na kukaa mezani kunataka kukaa tu, basi afadhali akae. Ndivyo alivyokuwa siku zile. Aliamka saa ileile, akawasha tanuri saa ileile. Siku nyingine mikate ilitoka haina chumvi, tukaila hivyohivyo. Nani angemwambia?

Jumapili ile ya Aprili tulifika shuleni saa kumi na mbili asubuhi. Tulikunjua kibanda cha kura, tukatundika mabango, kisha tukafungua daftari la wapiga kura. Kila jina lina picha pembeni, na nafasi ya kutia sahihi na alama ya kidole. Nililipekua haraka na kumwona Zenobio, kavaa shati la kola, kanuna. Daftari lilikuwa limefungwa mwaka mzima kabla ya uchaguzi, kwa hiyo aliyekufa baada ya hapo bado yumo. Nilimtazama Doña Herlinda. Yeye alishamwona. Alikuwa akitia sahihi yake nyuma ya karatasi za kura, moja baada ya nyingine.

Watu walikuja kwa wingi, kwa kuwa hapa kwetu asiyepiga kura hutozwa faini. Fidencio alianza mapema.

"Katiba yetu ina vituko," alisema. "Kura yako ni huru, halafu ni lazima. Kama mke wangu vile: kula unachotaka, ila kuna viazi tu."

Foleni ikacheka. Doña Herlinda akampa mtu anayefuata karatasi yake.

Karibu na adhuhuri akaja bibi mmoja kutoka huko juu kwenye malisho, miaka themanini na ushee. Katiba ilikwisha kumwondolea lazima hiyo tangu alipofika sabini, lakini alisema miguu yake haijaarifiwa. Alipotia kidole kwenye wino akamtambua Doña Herlinda, akafurahi. Habari za msiba zilikuwa hazijapanda mlima.

"Zenobio yuko wapi, mwanangu? Amekwisha kupiga?"

Fidencio akainamisha kichwa. Mimi nikajidai napanga karatasi.

"Hajaja bado, bibi," alisema Doña Herlinda. Alimpangusa bibi kidole kwa kitambaa, akamrudishia kitambulisho.

Saa kumi mlango ukafungwa. Kabla ya kuhesabu, sheria inataka tupitie daftari lote na kuandika HAKUPIGA KURA mbele ya kila ambaye hakufika. Mwenyekiti akashika kalamu. Tulipokaribia herufi ya H, ya Hinostroza, nikamwomba anipe mimi ukurasa huo.

"Niache," alisema. "Nimeshaanza."

Akaandika kwa mwandiko uleule aliowaandikia wengine, wala hakuandika polepole. Akafunua ukurasa.

Kuhesabu kulituchelewesha kwa sababu wakala mmoja wa chama alitaka kura tupu zihesabiwe kwenye jumla. Doña Herlinda alimsomea kifungu chenyewe, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za unga: rais ni yule anayepata zaidi ya nusu ya kura halali, na kura tupu na zilizoharibika hazimo. Akikosekana wa kupata nusu, wawili wa mbele watarudi kwa wananchi. Wakala akakaa.

Nchi nzima hakupatikana wa nusu. Fidencio ndiye aliyetuletea habari kwamba wajumbe wa meza katika duru ya pili ni walewale. Alilalamika sana, eti amefanywa mtumishi wa serikali bila kuulizwa. Doña Herlinda aliuliza neno moja tu.

"Daftari nalo ni lilelile?"

Nikamwambia ni lilelile.

Juni kulikuwa na sakitu, ule umande ulioganda, na vidole vyetu vilikufa ganzi hadi jua lilipopanda ukuta wa shule. Safari hii wagombea walikuwa wawili tu, watu wakapita upesi. Hatukupata hata nafasi ya supu ya mahindi aliyotuletea mke wangu. Mlango ulipofungwa Doña Herlinda akashika kalamu, akaanza tena na waliokosa. Alifika kwenye jina moja, akaandika HA, na Fidencio akamshika mkono.

"Mama Herlinda. Huyu ni wewe."

Alikuwa hajapiga kura. Sote tulikuwa tumesahau. Aliitazama picha yake kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikutana na fulani wapi.

"Kumbe," alisema.

Aliyekuwa ndani kabla ya mlango kufungwa bado ana haki yake. Mawakala hawakupinga, na ile HA tuliieleza kwenye kumbukumbu za meza. Aliingia kibandani, akakaa humo mpaka tukaanza kutazamana. Alitoka, akatumbukiza karatasi, akatia sahihi, akachovya kidole. Kisha akaketi, akaendelea palepale alipoachia. Alipofika kwa Zenobio aliandika maneno yote mawili, akapuliza wino ukauke, jambo ambalo hakulifanya kwa wengine. Fidencio aliona pia. Siku hiyo nzima hakutania tena.

Julai rais mpya akaapishwa. Mke wangu alikwenda kununua mikate, akamuuliza Doña Herlinda, kama wanawake waulizanavyo, duru ile ya pili kura yake alimpa nani. Doña Herlinda aliweka kikapu chini, akafikiri kwa dhati, akasema hakumbuki.

Mke wangu alirudi amekasirika kidogo. Alidhani anafichwa. Mimi niliyekaa naye meza moja najua kwamba hakuficha.