Kamera Iliyosema Ana Hasira

Nilikuwa nafundisha hisabati kidato cha pili hapa Same wakati watu wa mradi mmoja walipotufungia kamera juu ya ubao. Walisema inasoma nyuso: nani ameelewa, nani amechoka, nani ana hasira. Mimi nilipewa tableti. Kila mwanafunzi alionekana humo kwa rangi ya hali yake, na nyekundu ilikuwa hasira.

Binti mmoja alionekana mwekundu kwenye tableti kila kipindi. Alitoka familia ya wafugaji kule tambarare, akiishi bwenini, na kwa urefu wake alikaa dawati la nyuma kabisa. Alikuwa mpole mno. Hata shikamoo yake uliisikia kwa shida. Lakini tableti ilisema hasira, wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, nami nikajaza ripoti bila kumwuliza neno. Hilo linaniuma hadi leo.

Mkuu wa shule akamwita baba yake. Mzee alifika miguu imejaa vumbi, akasimama ofisini na fimbo yake, binti kando.

"Mwanao ana hasira na walimu," mkuu alisema.

"Amemtukana nani?"

"Hajatukana. Mashine ndiyo imeonyesha."

Mzee alinigeukia. "Mwalimu, wewe mwenyewe umemwona na hasira?"

"Sijamwona," nilikiri.

"Huyu anakunja uso kwa sababu haoni mbali," alisema. "Nyumbani hata mbuzi akisogea mbali kidogo, yeye hamtambui. Mnakaa naye kutwa nzima, hamjui?"

Damu ilinichemka, kwa mashine na kwangu mwenyewe. Nilirudi darasani, nikamhamishia dawati la mbele.

"Sasa unaona?" nilimwuliza, nikionyesha tarakimu ubaoni.

"Naona, mwalimu. Kumbe ile ni saba." Daftari lake lilijaa moja mahali pa saba. Nami nilikuwa nimemkosesha majibu yote yale kwa kalamu nyekundu.

Nilipanda juu ya meza, nikaifunika kamera kwa kitambaa cha kufutia ubao. Kesho yake nilipewa barua ya onyo. Niliisaini, nikadai ripoti za yule binti zifutwe.

"Zimeshaingia kwenye mfumo," mkuu alisema bila kuinua macho. "Hazifutiki."

Sasa binti anavaa miwani, na hisabati anaifaulu. Lakini mahali fulani, kwa mkono wangu, bado ameandikwa mtoto wa hasira. Nimeandika barua nne kudai wazifute ripoti zile. Hakuna aliyenijibu.