Upepo wa Ziwa Tumeusingizia Miaka Mitatu

Leo mama mkwe kanifundisha ufundi bila kukanyaga chumbani kwangu!

Mlango wa chumba chetu hapa Buswelu ukiuachia tu, paa! unajibamiza. Fremu na mlango nilivifunga mwenyewe, na miaka mitatu nawaambia wageni ni upepo wa ziwa.

Asubuhi ukajibamiza mbele ya mama mkwe, fundi cherehani wa Mirongo. Na mnajua mkwe haingii chumba cha mkwewe. Akasimama koridoni.

"Baba, funga madirisha yote."

Nikafunga. Paa! 🙈

Akatoa uzi wake, akafunga kufuli mwishoni, akaninyooshea.

"Shikilia juu kwenye fremu, upande wa bawaba. Subiri kufuli litulie."

Likatulia. Juu uzi umegusa mbao, chini kidole changu kinapita kati ya uzi na mbao! Fremu imelala jamani, ndiyo maana mlango unajirudi wenyewe, na mimi niliipima kwa macho.

Nikaingiza kibao nyuma ya bawaba ya chini mpaka zote mbili zikafuata uzi. Mama anaelekeza kwa kidole tu kutoka koridoni. Nyie, huyu mama!

Nikauachia mlango. Umetulia.

"Fungua madirisha."

Nikafungua. Umetulia vilevile.

"Haya baba, upepo wako umeenda wapi?"