Kikanyagio Kilichotiwa Mafuta

Kwa miaka thelathini na mmoja, fundi wa sauti aliyeitwa Sikio alinasa nyimbo kwa maikrofoni moja. Moja tu, iliyoning'inia darini kwa waya, katika studio ya redio iliyozibwa mablanketi kuta zote nne. Hakuwa na vitufe vya kumpandisha huyu na kumshusha yule. Alihamisha watu. Mpiga gitaa alisogezwa hatua mbili mbele, mwenye sauti nene akarudishwa mlangoni, na kila mmoja alichorewa alama ya chaki sakafuni asiivuke. Mmoja akikosea, wote walianza upya, na mkosaji alitazamwa. Siku hizi hatazamwi mtu. Kosa lake linafutwa na kompyuta, analala usingizi mnono, na kesho anaitwa msanii.

Studio ile sasa ni ghala la matairi. Sikio alipita hapo mara moja, akachungulia, akaiona ndoano ya maikrofoni yake bado iko darini, imetundikwa tyubu za baiskeli. Tangu siku hiyo hupita mtaa wa nyuma, hata mvua ikinyesha.

Aliyemtoa nyumbani ni mpwa wake, binti wa dada yake mkubwa. Binti huyu alikuwa na kipindi cha mtandaoni alichokiita "Bila Ukuta". Wanamuziki wasio na kampuni wala meneja waliimba chumbani mbele ya watu kumi na wawili, karibu kiasi cha kusikia pumzi zao. Ndivyo alivyokinadi. Sikio alikuwa ametazama vipindi vitatu kwenye simu, na vyote vitatu vilimtia kinyaa. Mishumaa mchana kweupe. Wasikilizaji wanaofumba macho kwa zamu. Na sauti zilizosafishwa mpaka huwezi kuamini kwamba zimepita kwenye koo la mtu.

"Safari hii nataka iwe ya kweli, Mjomba," mpwa alimwambia. "Ndiyo maana nakuomba wewe."

Alitaka kukataa. Lakini mtoto wa dada ana namna yake ya kusimama mlangoni bila kuondoka, kwa hiyo akauliza anayeimba ni nani. Akaambiwa ni mshonaji wa mtaa wa tatu, mwanamke wa makamo anayeitwa Pindo, kwa sababu nguo haitoki mkononi mwake kabla hajaukagua upindo na kuushona upya, uwe umemletea shati la kupunguza mikono au suruali ya kubadilisha zipu. Alhamisi Sikio akaenda kumsikia, kama alivyofanya enzi zake. Hakuwahi kunasa mtu ambaye hajakaa naye kwanza.

Chumba cha Pindo kilikuwa chembamba, kinanuka pasi na kitambaa kipya. Ukutani zilitundikwa nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, nyingine kwa miaka. Pindo aliutoa mkanda wa cherehani gurudumu lisizunguke, akapakata gitaa, akaweka mguu kwenye kikanyagio cha chuma. Kikishuka, kiligonga. Kikipanda, kililia kama mlango wa zamani. Juu ya mapigo hayo mawili akaimba wimbo wake mwenyewe, akizitazama zile nguo moja baada ya moja na kuzisimulia: shati la kijani, mwenyewe alihama, gauni la bluu, mwenyewe aliahirisha harusi. Sikio alisahau kukohoa. Kwa muda wa wimbo mmoja alikuwa tena chini ya ndoano yake.

Alipomaliza, Pindo alishusha mtandio akamwonyesha uvimbe shingoni. Jumatatu anapasuliwa. Daktari hakuficha kitu: mshipa wa sauti uko jirani sana na kisu, na huenda asiimbe tena, huenda hata kuzungumza kukawa kwa shida.

"Mimi sitafuti sifa, fundi," alisema. "Nataka nibaki mahali, jinsi nilivyo. Usinipambe."

"Utabaki, fundi mwenzangu," Sikio alimjibu. Katika maisha yake hakuwa mtu wa kuahidi ovyo.

Jumamosi saa nne asubuhi alifika na kinasa sauti chake cha tepu mkononi, akafikiri amepotea nyumba. Zile nguo hazikuwapo ukutani. Watu wa mpwa wameweka zulia, mimea ya kwenye makopo, na mishumaa mingi kama ya msibani, huku jua likiwaka dirishani. Nguo za watu wamezirundika nje kwenye beseni. Mahali pake wametundika matambara waliyokuja nayo, yaliyochakazwa makusudi, ili, mpwa alieleza, chumba kionekane cha mshonaji. Vijana kumi na wawili walikaa sakafuni kwenye mito. Mpwa alikuwa akiwafundisha kushusha pumzi.

Sikio aliyatungua matambara, akaingiza beseni, akaanza kuzitundika nguo pale zilipokuwa, na Pindo akasimama kumwelekeza ipi ilikaa wapi. Mpwa alitazama saa, akamwacha kwa sababu ni mjomba.

Halafu lilikuja jambo la shingo. Mpwa alikuwa amepata habari za upasuaji, Mungu anajua kwa nani, na macho yalimng'aa kama ya mtu aliyeokota kitu. Alipiga magoti mbele ya Pindo, akamshika mkono, akamwomba kwa sauti ya upole ashushe mtandio kidogo, kamera ione, na kabla ya wimbo aseme maneno mawili kuhusu hofu yake. Watu wataguswa sana.

"Uvimbe hauimbi, mwanangu," Pindo alisema. "Anayeimba ni mimi." Akakaza mtandio.

Taa zikawashwa. Sikio aliisimamisha maikrofoni yake moja katikati, mbali kidogo na mdomo, chini kidogo, ili imsikie mwimbaji na mguu wake kwa pamoja. Watu wa mpwa walikwisha kubandika vijimaikrofoni vyao kwenye gauni na kwenye gitaa. Pindo akaanza, akakwama. Akaanza tena, akakwama. Mara ya tatu alifungua mdomo na haikutoka hata sauti. Alitazama chini kama mtu aliyepiga hatua gizani akakosa ngazi.

Mpwa alimnong'oneza mpiga picha asogee, asogee zaidi, mama anazidiwa. Kamera ikaingia mpaka karibu kugusa kope. Wale wa kwenye mito, kwa kuwa wamefundishwa, wakaanza kufuta machozi.

Sikio hakumtazama usoni. Alimtazama mguu. Kikanyagio kilikuwa kikipanda na kushuka, kimya kabisa.

"Nani ametia mafuta hapa?"

Mpiga picha aliinua mkono, tena kwa fahari. "Mimi, mzee wangu. Ilikuwa inapiga kelele."

Kwa hiyo huyo ndiye aliyeletwa kunasa muziki. Amesikia nusu ya wimbo, akaiona ni hitilafu, akaitibu. Mpwa alijaribu kupoza mambo, akasema mapigo yatawekwa baadaye kwenye kompyuta, mama aimbe tu. Sikio alimwuliza kama na pumzi zitawekwa baadaye. Akapiga goti sakafuni, mzee wa miaka sabini na mmoja, akaomba mafuta ya taa na tambara, akasugua viungo vya chuma mpaka vidole vikawa vyeusi. Mafuta ya mpiga picha yalikuwa yamepenya vizuri. Kikanyagio kikaanza kugonga, lakini hakikulia. Pindo aliona, akavunja kipande cha chaki yake ya kuchorea vitambaa, akakisaga kwa mkasi, akampa unga wake kiganjani. Sikio akaunyunyiza kwenye maungio. Mguu ukakanyaga mara tano, sita. Ya saba ikalia.

Pindo aliimba mara moja tu. Kwenye gauni la bluu sauti ilimkatika, akaivuka bila kusimama, akaendelea hadi shati la mwisho. Mpwa akasema turudie kidogo pale ilipokatika.

"Hapo ndipo ilipokatika, mwanangu. Nikirudia nitakuwa naigiza."

Wiki tatu baadaye kipindi kilitoka. Sikio alikitazama akiwa amesimama. Sauti ilikuwa laini, haikatiki popote. Mlio wa kikanyagio umefutwa, ngoma ya kompyuta imewekwa. Picha zilianza na yale majaribio matatu yaliyoshindikana, uso uliopotea, vijana wanaofuta machozi, na maandishi chini kuhusu mama anayepigania sauti yake. Mwishoni liliandikwa jina la Sikio kama msimamizi wa sauti. Alimpigia mpwa simu, akataka litolewe. Mpwa akamwuliza kama anaumwa.

Alikwenda kwa Pindo na kinasa sauti chake mkononi, tepu ikiwa ndani. Alimkuta na bandeji shingoni, amekaa kwenye cherehani. Wifi yake alikuwa amemwekea kile kipindi kwenye simu, na simu ilikuwa bado mezani. Pindo hakuwa na sauti ya kumkaribisha. Alivuta kitambaa cheusi, akachukua chaki, akaandika: NI NANI HUYU?

Sikio alifungua kinasa sauti, akabonyeza. Kikanyagio kikagonga, kikalia. Mwanamke akaimba, gauni la bluu likamkata sauti, akavuka. Pindo alisikiliza amefumba macho, bila kufundishwa na mtu, na mguu wake ukaanza kushuka na kupanda pamoja na ule wa kwenye tepu. Wimbo ulipokwisha alifuta kitambaa kwa kiganja na kuandika neno moja: TENA.

Simu ilikuwa ikiwaka mezani. Waliotazama walikuwa wamefika elfu tisini na mbili, na wa mwisho ameandika kwamba hajawahi kusikia kitu cha kweli kama hiki. Sikio aliifunika kwa kipande cha kitambaa, akarudisha tepu mwanzo.