Togwa Isiyoonjwa

Nikisafiri kwenda Mbeya na mtu akaniuliza natokea wapi, huwa najua kitakachofuata. Nikitaja Sumbawanga anavuta mkono wake haraka, kana kwamba ameshika chungu cha moto, halafu anacheka. Mwingine huniomba nimrushie radi jirani yake anayemsumbua. Nami hucheka nao. Huwaeleza kwamba jina la mji wetu maana yake ni tupa uchawi, kwamba wazee walimtaka mgeni auache huko huko alikotoka kabla hajaingia kwetu. Wanacheka zaidi. Nimezeeka katika utani huo, na namshukuru Mungu kwamba haunichoshi. Kinachonichosha ni sisi wenyewe. Tukiwa stendi ya Mbeya tunaukataa uchawi, tukirudi nyumbani tunauishi.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya Matai, mahali ambapo upepo wa kiangazi haukuti kitu cha kuuzuia. Nilikuwa katekista hapa tangu ujana wangu. Sasa nimestaafu, lakini wamenipa uenyekiti wa jumuiya kwa sababu wenye nguvu hawautaki. Jumuiya yetu husali kila wiki katika nyumba ya mwanajumuiya mmoja, kwa zamu, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, kisha tunaanza tena. Nyumba ya mwisho, inayopakana na mashamba ya ulezi, ni ya bibi mmoja mjane.

Bibi huyu amezika mume na karibu watoto wake wote, na hilo ndilo kosa lake la kwanza machoni pa watu, kwamba wao wamekwenda na yeye amebaki. Kosa la pili ni macho. Ni mekundu kwa moshi wa kuni. Wanawake wa umri wake hapa kwetu wote wana macho hayo, hata mke wangu, ila mke wangu ana mume. Maneno kwamba ni mchawi yalikuwepo kwa miaka, lakini yalikuwa maneno ya kisimani. Watu walimsema, kisha wakaenda kwake kusali na kunywa togwa yake, na hakuna togwa ya ulezi inayoshinda ya kwake.

Hapa lazima nieleze desturi moja. Kwetu mwenye nyumba akikukaribisha kinywaji, iwe pombe au togwa, hukinywa yeye kwanza mbele yako, kidogo tu, ndipo anakupa. Hakuna anayeuliza kwa nini. Ni kama kupiga hodi.

Mwaka jana sikukuu ya somo wa jumuiya yetu, mtakatifu tunayeitwa kwa jina lake, iliangukia zamu ya bibi, na padre akakubali kuja kutuadhimishia misa pale pale nyumbani kwake. Watu walifika mapema, wengine kwa miguu kutoka mbali, na baridi ilikuwa kali. Padre akanipigia simu kwamba bado yuko kigango kingine na atachelewa sana. Nikawatangazia watu, nikawakumbusha nilivyowafundisha siku zote, kwamba sheria ya Kanisa siku hizi ni kutokula wala kunywa saa moja kabla ya kukomunika, kwa hiyo muda upo, anayetaka kupasha mwili moto apashe.

Bibi akaleta togwa ya moto. Akamimina vikombe, akavigawa kwa mikono miwili akiwa amepiga magoti kama ilivyo heshima yetu, akarudi kukaa kwenye mkeka wake. Hakuonja.

Sikuelewa mara moja kwa nini ua umenyamaza. Nilikuwa nazungumza na mtu habari za mbolea. Nilipogeuka niliona vikombe vyote viko mikononi na hakuna kilichofika mdomoni. Mama mmoja, ambaye ndiye mweka hazina wa jumuiya, alikiweka chake chini ya benchi taratibu. Mwingine akasema tumbo lake halijakaa vizuri. Mwanamume mmoja alisimama kwenda kuangalia baiskeli yake, na kikombe kilirudi kitupu ilhali midomo yake ilikuwa mikavu.

Mimi nilijua sababu. Bibi alifundishwa katekisimu na wamisionari wa zamani, wakati ambapo anayetaka kupokea Ekaristi hakuweka kitu kinywani tangu usiku wa manane, hata maji. Nilishamweleza mara nyingi kwamba sheria imelegezwa. Hunijibu, "Wewe baba fuata saa yako, mimi niachie usiku wangu." Yaani mwanamke huyu alishindwa kuonja kwa sababu alikuwa anamngoja Bwana wake, na watu waliokuja kumngoja Bwana huyo huyo wakaona ni sumu.

Nikanywa. Nilikunywa kikombe changu chote, nikanyoosha mkono nikaongezewa cha pili, nikisifia kwa sauti. Nilidhani watanifuata. Nilikuwa bado nalamba ulezi kwenye masharubu tuliposikia pikipiki, na padre akaingia, amemaliza kule mapema kuliko alivyotarajia, na anaharakia kwingine. Misa ikaanza papo hapo, akaiendesha mbio, na wakati wa komunyo saa moja yangu ilikuwa haijatimia. Nikabaki kwenye benchi. Mbele yangu bibi alisimama, akapokea, akarudi amefumba macho.

Wiki ile nilisikia habari zangu mwenyewe. Kundi moja lilisema mzee amekunywa vikombe viwili na hakudhurika kwa sababu amechanjwa, na hawakumaanisha chanjo ya zahanati. Kundi la pili lilisema nimedhurika, tena vibaya, kwa maana togwa ya bibi imenifunga nisiweze kuupokea Mwili wa Bwana. Waliniona kwa macho yao nimekaa. Nilipita nikieleza mfungo wa bibi na habari ya saa moja, sheria niliyowafundisha mimi, ambayo baadhi yao waliijibu vizuri kwenye mtihani wa kipaimara. Walinisikiliza kwa adabu. Walisema, "Ndiyo, mwalimu." Na nilipogeuka nikasikia kicheko cha chinichini.

Kisha mjukuu wa yule mama mweka hazina akashikwa na degedege. Alipona, zahanati walimtibu malaria, lakini jambo likawa limekwisha kukamilika vichwani mwa watu.

Tulipokutana kupanga zamu mpya, hakuna aliyetamka neno uchawi. Sisi ni Wakristo. Walisema tumpumzishe bibi. Amechoka, kuni shida, maji mbali, tumpe mapumziko, zamu yake isaliwe kwa jirani. Neno hilo lilizunguka ua mzima likiwa limevaa nguo za huruma, na kila aliyelitamka alitikisa kichwa kwa upole. Niliuliza kama kuna aliyekwenda kumchotea maji. Niliuliza kama bibi mwenyewe ameomba kupumzika. Wakaangalia chini.

Mweka hazina peke yake alinifuata baada ya kikao, na alikuwa mkweli kuliko wote. Alinisimamisha njiani, akasema, "Shikamoo baba. Najua utaniona sina imani. Lakini wewe hulei mtoto mdogo. Wewe ukikosea unakwenda kuungama. Mimi nikikosea nazika."

Nilisomea dini, nimefundisha amri za Mungu kwa watu wa vizazi viwili. Nilimwambia tu kwamba aliyemuumiza mjukuu wake ni mbu. Akasema anajua ni mbu. Alichotaka kujua ni aliyemtuma. Nikaenda zangu nimekasirika, na sehemu ya hasira hiyo ilikuwa kwamba hakuwa mtu mbaya.

Mwishowe kamati ya jumuiya ikaja na kile walichokiita suluhu. Zamu ya bibi itabaki, ila aonje kwanza, mbele ya wote, vizuri, kila mtu aone. Nikatumwa mimi kumpelekea. Nilijiambia ni jambo dogo. Hata hivyo ni desturi yetu, siku zote ameonja, angekosa nini?

Nilimkuta anapepeta ulezi. Nilizunguka sana katika maneno, nikaulizia mifugo, nikaulizia magoti yake. Yeye akaniacha nizunguke. Nilipomaliza aliweka ungo chini, na kwa kuwa jambo lilikuwa zito aliacha Kifipa chetu cha nyumbani akanijibu kwa Kiswahili, kama mtu aliye ofisini.

"Baba, kuonja ni adabu ya mwenye nyumba. Nimewaonjea hao tangu mama zao hawajaolewa. Mkiniamuru si adabu tena, ni kiapo. Mimi kiapo sinywi."

Nilimwambia kwamba akikataa watamruka, na akirukwa na jumuiya leo, kesho hatasalimiwa kisimani, na huko mbele sijui. Vibibi vimefukuzwa katika nchi hii kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Nilimsihi kama ndugu. Akaniuliza kama naogopa. Nikasema ndiyo. Akasema basi tuogope wote, lakini kuonja hataonja, na kama ni kupumzika, atapumzika siku watakayomshonea sanda. Akachukua ungo wake.

Nilirudisha jibu kwenye kamati, na nikasema mbele yao kwamba maadamu mimi ndiye mwenyekiti, zamu haitarukwa, na asiyetaka kwenda abaki kwake akijua amemkataa nani. Padre naye, sijui nani alimnong'oneza, alihubiri Jumapili iliyofuata kwa ukali ambao hatukuuzoea kwake. Wengine waliinamisha vichwa. Nikajipa moyo.

Siku ya zamu yenyewe nilitangulia na mke wangu, nikiwa nimejiandaa kusali rozari watu watatu. Kumbe walikuja. Walikuja karibu wote, hata mweka hazina, na kwa dakika chache nilimshukuru Mungu kwa moyo wangu wote, mpaka walipokaa. Kila mmoja, kutoka kwenye mkoba, kwenye mfuko wa koti, kwenye kanga, akatoa chupa yake ya maji ya dukani, akaisimamisha karibu na mguu wake. Watu ambao maji ya kununua huyanywa safarini tu. Chupa zilipangana uani kwa bibi kama kwenye genge la stendi.

Bibi alitoka jikoni na chungu cha togwa. Akasimama mlangoni, akazitazama. Nilitamani ardhi inifiche. Alirudisha chungu ndani, akaja akakaa mahali pake, akasema, "Naona mmebeba chenu. Haya, tusali."

Tukasali. Ilipofika zamu yake ya kuongoza fungu la rozari hakukosea neno. Kwenye maombi aliwaombea watoto wadogo wa kijiji chetu Mungu awakinge na homa, na sikusikia uchungu katika sauti yake, ingawa niliutafuta. Mweka hazina aliitikia "Twakuomba utusikie" na wengine, macho yake yako kwenye chupa.

Wakaondoka kabla jua halijashuka. Mke wangu akaingia jikoni bila kuambiwa, akachota vikombe vitatu. Nilinywa nikiwa na hasira bado. Nilimwambia bibi kwamba nina aibu, na kwamba kama anataka sasa kupumzika kweli, nitaelewa, sitamlaumu.

"Waje," alisema. "Waje na chupa zao. Kusali wamesali."

Sijui kama hiyo ni imani kubwa au ni ukaidi, na kwa umri wangu nilipaswa kujua tofauti. Watu wananiuliza njiani kama mzunguko ujao tutapanga upya. Nawajibu kwamba zamu ya bibi iko pale pale.