Mhubiri Aliyemtobolea Mkwewe Ukuta

Baba yangu hakumtaka mume wangu, na sababu yake ilikuwa moja tu: kijana yule hakunywa pombe.

"Mtu asiyekunywa," baba alimwuliza mbele ya ukoo, "mimi na yeye tutazungumza nini?"

"Utazungumza wewe, baba, ukishakunywa," akajibu. "Mimi kazi yangu itakuwa kukukumbusha kesho yake uliyoyasema."

Baba alicheka mpaka akamwaga kibuyu. Hivyo ndivyo nilivyoolewa.

Wakati huo mume wangu alikuwa mwalimu wa misheni. Wadachi walikuwa wameshika nchi, boma lao limesimama, na misheni ya Waingereza ilikuwa imefika kabla yao. Mume wangu alivaa kanzu nyeupe ya misheni na alihubiri vizuri. Mimi, kabla ya kubatizwa, nilikuwa mpigaji wa muheme, ngoma ya sisi wanawake wa Kigogo, ile inayobanwa kati ya magoti. Mzungu wa misheni alitufundisha kwamba ngoma ni mambo ya giza. Basi nikaiweka yangu darini juu ya magunzi, na panya wakaanza kuionja ngozi.

Siku moja nilikuwa nasaga uwele. Mume wangu akasimama mlangoni akinitazama.

"Mke wangu, unasaga au unapiga ngoma?"

"Nasaga."

"Mbona mabega yanacheza?"

Nikayatuliza mabega, nikaendelea kusaga. Jumapili iliyofuata mume wangu aliwaambia wanawake waliobatizwa, "Njooni na ngoma zenu. Mungu aliyewapa mikono hakuwapa ya kusagia tu." Tuliimba siku ile mpaka vumbi la sakafu likatuingia puani. Wanawake waliokuwa hawajawahi kukaribia kanisa walikuja mbio kutoka mashambani wakidhani kuna arusi.

Mzungu alimwita. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye kofia kubwa, na alitupenda kweli. Nilikuwepo, nimekaa chini karibu na mlango.

"Mwanangu," alisema, "ngoma zitoke, au kanzu ivuliwe."

Mume wangu aliivua palepale, akaikunja, akamwekea mapajani. "Baba, umenifundisha kusoma, na nitakuombea maisha yangu yote. Lakini siwezi kumwambia mke wangu anyamaze kwa Mungu."

Walishikana mikono kwa muda mrefu. Hapakuwa na ugomvi. Mzee yule alitusindikiza mpaka mwisho wa shamba lake akishika punda wetu kwa kamba.

Tukahamia kijiji cha wajomba zake, na huko akaanza kuhubiri bila kutumwa na mtu. Alilima siku sita, akahubiri siku ya saba akiwa na shuka lake la kila siku. Hakuna askofu aliyemweka wakfu. Watu wenyewe walimchagua, na walionyesha hivyo kwa kumletea kuku. Kanisa alilijenga kama tembe, kama nyumba zetu zote, paa bapa la udongo na mlango mfupi wa kuinamia, ili mzee yeyote wa jadi aingie pasipo kujiona mgeni.

Shida ilikuwa mama yangu. Baba alikuwa ameshafariki, na mama alikuja kuishi karibu nasi. Alitaka sana kusikiliza mahubiri. Lakini kwa mila yetu mkwe na mama mkwe hawaonani uso kwa uso, wala hawakai chumba kimoja. Akimwona mume wangu njiani, alijifunika khanga na kuingia kichakani, hata kama kichaka chenyewe ni cha miiba.

Mume wangu akatoboa ukuta wa nyuma wa kanisa, tundu la ukubwa wa sufuria, akaweka kigoda nje. Kila Jumapili mama alikaa pale, hamwoni mtu, anasikia yote. Tena hakunyamaza.

"Mwambieni huyo anayesema," alipaza sauti tundu likatoa mwangwi, "apunguze! Jua linaniunguza!"

"Mwambieni huyo aliye nje," mume wangu alijibu akiwa ametazama upande mwingine, "kwamba Musa alikaa jangwani miaka arobaini."

"Mwambieni kwamba Musa hakuwa na mbuzi wa kukamua!"

Watu walikuja kutoka mbali kusikiliza mahubiri, nami nakiri kwamba wengi walikuja kusikiliza tundu.

Habari za ngoma zikafika bomani. Miaka ile Wadachi waliogopa mikusanyiko, na akida, aliyetutawala kwa niaba yao, akamtuma askari aje achunguze kama tunapiga ngoma za vita. Askari alikuja na bunduki yake siku ya Jumapili, jua kali, miguu imejaa vumbi. Mume wangu akamkaribisha kivulini ndani ya tembe, akampa maji, akaendelea kuhubiri. Mahubiri yalikuwa juu ya Yona na yalikuwa marefu. Askari alilala. Tulipiga muheme, akalala. Tulipomaliza, mume wangu alimgusa bega.

"Mwanangu, utamwambia nini akida?"

Askari alijifuta mate. "Nitamwambia hapa hakuna vita. Tangu niingie kazini sijalala hivi."

Baadaye alirudi mara kadhaa, bila bunduki, na kila mara alilala.

Mwaka wa mvua nyingi, mume wangu alivuka korongo lililojaa maji kwenda kumzika mzee mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga kanisani. Alirudi ameloa, na baada ya siku chache kifua kikambana. Alilala ndani, anapumua kwa shida, hali chochote. Nilijaribu uji, nikajaribu mlenda, akakataa.

Asubuhi moja mama aliingia. Aliinama mlangoni, akaja moja kwa moja, bila khanga usoni, akakaa kando ya kitanda cha ngozi na kumtazama mume wangu machoni.

"Mkwe wangu," alisema, "kunywa uji huu."

Mume wangu alimtazama kwa muda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona sura ya mama yangu. "Kumbe mke wangu amefanana nawe," akasema, na akacheka mpaka akakohoa. Akanywa uji wote. Mama aliushika mkono wake mpaka mchana, na mchana huohuo mume wangu akafa, mimi nikiwa miguuni pake.

Mzungu wa misheni alikuja kwenye maziko, amepanda punda katika tope, mzee sana sasa. Aliomba kusema kwa Kigogo. Alisimama kaburini machozi yakimtoka, akataka kusema kwamba ndugu yetu amelala katika Bwana. Akakosea neno. Alisema ndugu yetu anakoroma katika Bwana.

Mama yangu akaanza kucheka. Nikafuata mimi, kwa sababu ilikuwa kweli, alikoroma mume wangu, alikoroma hata mbuzi wakaamka. Watu wote pale kaburini wakacheka, wazee kwa vijana, na Mzungu alipoelezwa alichosema alijishika kichwa, akacheka kuliko sote.

Uwele ulikuwa umeiva. Kesho yake tuliingia shambani kwangu, waliobatizwa na wasiobatizwa, tukavuna huku tukisimuliana mambo yake. Mzungu alibaki siku ile. Hakujua kushika kisu cha kuvunia, basi tukampa kazi ya kufukuza ndege, na aliifanya vizuri sana, akikimbia na kofia yake mkononi na kupiga kelele kwa Kiingereza.