Gitaa Nililolipasha Moto Kama Ngoma

Naona aibu hata kuanza, lakini kwa kuwa huku kigangoni kwetu Ngara mpaka watoto wadogo wananiita Deo Kupasha bila kujua jina limetoka wapi, bora niseme mwenyewe kuliko kusemewa, maana wengine wakisimulia wanacheka tangu mwanzo hadi mwisho, na mkasa huu una mahali ambapo mtu hapaswi kucheka.

Miaka ile ya wakimbizi mimi ndiye niliyekuwa mpiga ngoma wa kwaya (nota sijui hata moja, mikono yangu ndiyo inayojua), na kambi ilikuwa karibu kiasi kwamba Jumapili kanisani hukuweza kutofautisha mwenyeji na aliyevuka mpaka, kwa sababu Kihangaza chetu na Kirundi chao vinasikilizana. Ndivyo nilivyomfahamu Fundi Domisiani, seremala kutoka Burundi, aliyefiwa na mkewe humohumo kambini. Mkewe, Spesioza, ndiye aliyekuwa akituongozea sauti ya kwanza, na alikuwa na wimbo wake mmoja wa Bikira Maria ambao akiuimba, waliochelewa misa walisimama mlangoni wasiingie, wasije wakamkatiza.

Tangu amzike, Fundi hakuimba tena. Alikuja kanisani, akakaa, akaondoka. Kisha tukasikia anatengeneza gitaa. Kwao aliwahi kufanya kazi kwenye karakana ya misheni, chini ya bruda mmoja Mhispania aliyemfundisha kulitengeneza kama wanavyotengeneza kwao Hispania: shingo na mwili vinaungwa pamoja tangu mwanzo, uso, yaani ubao wa mbele, umelazwa kifudifudi juu ya meza, mbavu, yaani mbao za ubavuni, zinakunjwa kwenye bomba la moto, chini ya uso vinabandikwa vijiti vyembamba vilivyotandazwa kama vidole, na msumari hakuna, kila kitu kinashikwa na gundi. Mbao za uso alizipata kwenye makasha ya misaada, alizichagua na kuzigonga kwa kidole na kuzisikiliza mpaka majirani zake wakaanza kumwonea huruma, wakidhani msiba umemwingia kichwani.

Gundi ndiyo iliyoniingiza mimi. Alitaka ya ngozi ya ng'ombe, si ya dukani, basi nikapanda baiskeli hadi Nyantakara, upande wa Biharamulo, kwa wafugaji wa Kisukuma, nikarudi na vipande vya ngozi vinavyonuka hata Mama Aneti, mke wangu, akaniambia nikalale na mbuzi. Fundi alivichemsha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji mpaka vikawa uji wa kahawia. Hiyo ngozi msiisahau.

Gitaa lilikuwa na kazi moja tu, kupigwa siku ya misa ya kuanua matanga ya Spesioza. Malori ya kuwarudisha watu makwao yalikuwa yameshaanza kupakia, na Fundi alikuwa aondoke kesho yake alfajiri. Kaburi lingebaki huku kwetu.

"Nitampigia wimbo wake, Deo, harafu niende," aliniambia kwa lafudhi yake ya Kirundi. "Sina kitu kingine cha kumwachia."

Kwa kuwa turubai lake lilikuwa linavuja, aliniomba gitaa lilale kwenye kichumba chetu cha ngoma nyuma ya kanisa. Asubuhi ya misa mvua ilikuwa inanyesha tangu kulipokucha, ngoma zote zimelegea, nikawasha moto kwenye kibanda cha nje na kuzipanga kuuzunguka, kama ninavyofanya kila masika. Nikagusa nyuzi za gitaa. Likatoa sauti nzito, ya mtu mwenye mafua.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu. Nikasema, ngoma ni ngozi, na hili gitaa limeshikwa na ngozi, tena ngozi niliyoibeba mimi mwenyewe. Ngozi ikilegea dawa yake ni moto. Mama Aneti alikuwa amekuja kufagia kanisa, akaniona naliegemeza.

"Baba Aneti, hicho nacho ni ngoma?"

"Nenda kafagie," nikamjibu (na jibu hilo amenikumbusha kila masika tangu siku hiyo).

Likapata joto, nikaligusa tena, nyuzi zikawa zimelegea zaidi. Mtu mwenye akili angeliondoa. Mimi nikalisogeza karibu kidogo na moto, nikakaza nyuzi, zikalegea, nikakaza tena, mpaka sauti ikawa kali nikaridhika, nikalifuta vumbi kwa shati langu na kumpelekea Fundi nikiwa najisifu moyoni.

Baada ya komunyo Fundi akakaa kwenye kiti mbele ya altare, mguu wa kushoto juu ya tofali, gitaa limesimama mapajani mwake jinsi bruda alivyomfundisha. Akaanza kupiga, na kisha akaimba. Jamani, hatukujua kama atafungua mdomo. Ubeti wa kwanza ukapita na sauti ya lile gitaa ilikuwa ndogo, safi, inafika mpaka benchi la mwisho bila kusukumwa, wanawake wa kambini wakawa wameinamisha vichwa, na mimi mwenyewe nikafumba macho.

Katikati ya ubeti wa pili kikasikika kishindo. Kile kibao cha usoni kinachoshika nyuzi kilibanduka kikaruka, nyuzi zikajikunja usoni mwa Fundi, na mgongo wa gitaa ukaachia upande mmoja. Nikaruka kwenda kumsaidia. Nilisahau kwamba ngoma kubwa imening'inia shingoni mwangu kwa mkanda, nikakikumba kipaza sauti, nikaanguka nacho, mkanda ukakatika, ngoma ikabingirika hadi miguuni kwa Padre. Na mdomo wangu ukawa umelala palepale penye kipaza sauti niliposema, "Nililipasha moto kidogo tu, kama ngoma."

Spika ya nje ilipeleka maneno hayo hadi kwa waliojikinga mvua chini ya paa la shule. Watu walicheka. Siwalaumu, hata mimi ningecheka kama angekuwa mwingine. Lakini Fundi alikuwa amekaa na kile kibao mkononi, anakipangusa kwa kidole gumba, na kicheko kikafa chenyewe, benchi kwa benchi. Akasimama. Akaendelea na ubeti wa pili bila gitaa, peke yake, mpaka mwisho wake. Tukangoja wa tatu. Hakuuimba. Akaliokota gitaa lake, akatoka, nami nikabaki sakafuni nikitamani ardhi inimeze.

Nilimfuata kule kibandani nikiwa nimejiandaa kutukanwa.

"Moto wako ungari unawaka?" akaniuliza.

"Unawaka, Fundi. Nisamehe."

"Basi rete maji."

Akachemsha gundi iliyobaki kwenye moto uleule ulioyeyusha ile ya kwanza, akapaka, akabana. Mimi nikavua mpira wa ndani wa baiskeli yangu, nikaukata vipande virefu, tukalifunga gitaa zima kama mtu aliyevunjika mbavu. Nikamuuliza litashika lini. Akasema gundi inataka utulivu, na lori halina utulivu. Nikamuuliza na ubeti wa tatu je. Akakaza fundo la mwisho.

"Huo nitaupiga nyumbani, kama litashika," akasema. "Wewe uniparirie pale kwa Spesi."

Kesho yake alipanda lori gitaa likiwa mapajani, limefungwa mipira ya baiskeli, amelikumbatia kwa mikono yote miwili lisigonge mabati ya lori. Hakunipungia mkono kwa sababu hakuwa na mkono wa kunipungia. Sijasikia habari zake tangu siku ile, wala sijui kama lilishika.

Nimeapa sitapasha moto kitu nisichokitengeneza mimi, na Mama Aneti akiniona hata na chai iliyopoa huniuliza kama nina uhakika. Kaburi nalipalilia. Nikimaliza huwa napiga magoti, nahakikisha hakuna mtu karibu, namwambia Spesioza kwamba si mumewe aliyeukatisha wimbo wake, ni mimi, na kwamba ubeti wa tatu upo, amekwenda nao.